Nani Alichomoa Kadi ya Kamera?

Sehemu ya tano

Kwa msomaji anayeanza leo, mambo yenyewe ni haya.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Mwalimu Vioo, kwa sababu kutwa nzima nasema "vioo, vioo, tazama vioo". Shule ni ya kaka yangu. Ina magari mawili madogo meupe, na kila gari lina kamera iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Injini ikiwaka, kamera inarekodi njia. Injini ikizimwa, nayo inalala.

Jumanne moja, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, nilikuwa ndani ya Gari Namba Mbili pamoja na muuguzi mstaafu tunayemwita Sista. Yeye alikuwa kwenye usukani. Mimi nilikuwa kiti cha pili, mbele ya pedali za mwalimu. Taa yetu ilikuwa ya kijani. Gari kubwa la kijivu likapita kwenye nyekundu, likatupiga mlango wa dereva. Mfupa wa mguu wa Sista ukavunjika mahali pawili.

Mwenye gari la kijivu ni mtahini wa leseni. Ndiye anayewapima wanafunzi wa shule zote za udereva hapa mjini. Jina lake lipo kwenye barua za ofisi, lakini sisi tunamwita Rudia, kwa kuwa hilo ndilo neno analowaambia watu saba kati ya kumi wakishuka garini.

Rudia aliandika maelezo kwamba taa ya kijani ilikuwa yake, na kwamba mwanafunzi alikurupuka barabarani. Polisi wakamwamini siku hiyohiyo. Kamati ya leseni ikatuita tufike Alhamisi. Tukishindwa, Sista anashtakiwa kwa uzembe na hapati leseni maisha yake yote, naye ana mume anayehitaji kupelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mimi nanyang'anywa kibali cha kufundisha nilichokishika miaka kumi na tisa.

Katika sehemu iliyopita nilikwenda gereji kuchukua kadi ya kumbukumbu kwenye kamera. Tundu la kadi lilikuwa tupu. Mliniacha nimesimama mbele ya fundi, kamera mkononi.

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mwalimu, mimi sijagusa kitu."

"Sijakuuliza kama umegusa. Nakuuliza nani kagusa."

Akatazama dari ya gereji. Dari haikumsaidia.

"Kaka yako alikuja Jumatano, kesho yake ya ajali. Akaomba bisibisi ndogo. Nikamwambia, bosi, unataka kung'oa taa? Akasema anahakikisha kitu. Akakaa ndani ya gari kama dakika tano, akatoka, bisibisi akarudisha."

"Na wewe ukanyamaza wiki tatu."

"Gari ni lake, mwalimu. Angetaka kuchomoa hata injini ningemshikia tochi."

Nilichukua ile kamera tupu, nikatoka.

Kutoka gereji hadi shuleni ni mwendo wa dakika ishirini na mbili kwa miguu. Nilitumia kumi na nne.

Kaka alikuwa darasani peke yake, mbele ya meza ya mfano: njia panda ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, mistari myeupe, na magari ya kuchezea ya kuonyeshea nani anampisha nani. Alikuwa akiyapanga kwa ajili ya kipindi cha saa sita.

"Mdogo wangu, karibu. Mbona unahema hivyo?"

"Kadi iko wapi?"

Hakuuliza kadi gani. Hilo peke yake lilitosha.

"Kaa kwanza," akasema.

"Nitasimama."

"Basi nisikilize. Ijumaa ya wiki ijayo nina wanafunzi thelathini na mmoja wanaoingia kwenye mtihani. Mtahini ni nani?"

"Rudia."

"Na mwezi ujao?"

"Rudia."

"Na mwakani?"

"Kaka, mguu wa Sista una vyuma sita."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeomba bisibisi."

Akaweka chini gari dogo la buluu alilokuwa amelishika. Aliliweka vizuri, nyuma ya mstari, kama anavyowafundisha watu.

"Nimempa mwenyewe," akasema.

"Umempa nani nini?"

"Nimempa mtahini ile kadi. Nilimpelekea ofisini kwake, ndani ya bahasha. Akaivunja mbele yangu vipande viwili, akatupa kwenye kapu. Hata kuitazama hakuitazama."

"Akasemaje?"

"Akasema, mzee, sasa tumeelewana."

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Sijapata kumtukana kaka yangu. Siku ile nilimwita jina ambalo mhariri wa gazeti hili amenikataza kuliandika.

"Punguza sauti," akasema. "Kuna wanafunzi nje."

"Waache wasikie. Wanakuja hapa kila siku tunawaambia nyekundu maana yake simama. Leo waambie maneno kamili. Waambie nyekundu maana yake simama, isipokuwa ukiwa na muhuri."

"Wewe ni rahisi kwako kusema. Shule si yako. Rudia akiamua kuwafelisha wote, nani ataandika jina hapa? Baada ya miezi mitatu tunafunga mlango. Wewe utakuwa na haki yako, mimi nitakuwa na koni za plastiki."

"Kwa hiyo umeona bora nimwage unga mimi."

"Ungepata kibali kingine."

"Na Sista angepata mguu mwingine?"

Akayageukia magari yake ya kuchezea. Nilingoja nihesabu hadi kumi. Nilipofika saba nikaona napoteza muda, nikatoka.

Nilikuwa nimeshalifikia geti niliposikia viatu vya haraka nyuma yangu. Ni wifi yangu, mke wa kaka. Yeye ndiye anayekaa mapokezi, anaandikisha wanafunzi na kutunza mafaili.

"Wifi, umesahau mwavuli wako."

"Sina mwavuli."

"Ndiyo nakwambia umeusahau. Njoo uchukue."

Akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya jengo, panapopangwa koni za mafunzo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara kuu.

"Mume wangu kakwambia kampelekea Rudia kadi?"

"Kaniambia. Kavunja mbele yake."

"Kavunja, ndiyo. Lakini kavunja nini?"

Sikumwelewa. Akasogea.

"Aliniletea kile kikadi, akasema nikitie kwenye bahasha, niifunge kwa gundi. Nikamuuliza cha nini. Akasema, mambo ya ofisi. Wifi, mume wangu akisema mambo ya ofisi huwa hanitazami usoni. Nikamwambia sawa, acha hapo nitafunga. Alipotoka nikaenda kwenye Gari Namba Moja, nikachomoa cha kule. Vinafanana kama mapacha. Hicho ndicho nilichofunga."

"Kwa hiyo Rudia..."

"Rudia kavunja siku nne za watu wanaoegesha kinyumenyume kati ya koni."

Leo ninapoandika nacheka kidogo. Siku ile sikucheka. Damu ilikuwa imenipanda, na ilihitaji mtu wa kumshukia.

"Wiki tatu, wifi! Wiki tatu umekaa na kitu hicho, mimi silali, Sista anaitwa mzembe, na wewe unanisalimia kila asubuhi umeamkaje?"

"Nilikuwa nangoja ugombane naye kwanza."

"Unasema nini?"

"Ungemjia na kadi mkononi kabla hajakiri, angejua imetoka kwangu. Wewe ukigombana na kaka yako unakwenda kwako. Mimi nalala naye nyumba moja. Sasa amekwambia mwenyewe, kwa mdomo wake. Hana wa kumlaumu."

Ni hesabu baridi, lakini ilikuwa sahihi, nami siwezi kupingana na hesabu sahihi.

"Iko wapi?"

"Kwenye faili la Sista. Nyuma ya picha zake za pasipoti. Nani atalifungua faili la mtu ambaye kila mmoja anajua hatarudi?"

Nilifika nyumbani saa saba mchana. Nikafunga mlango, nikaweka kompyuta juu ya meza ya kulia, nikaingiza kadi.

Nitaeleza kilichoonekana kwa sekunde, kwa sababu maneno ya "ghafla" na "mara" ndiyo yaliyotufikisha kwenye kamati.

Sekunde ya kwanza hadi ya nne: tumesimama nyuma ya mstari, taa yetu ni nyekundu. Sekunde ya tano: kijani. Njia panda ile haikukatwa mraba. Barabara ya upande wa pili inaingia kwa mshazari, kwa hiyo kamera inaiona karibu yote. Kwenye mstari wa barabara hiyo limesimama lori la maji, limetulia, linangoja taa. Sekunde ya saba: gari la kijivu linatokea mbali nyuma ya lori, linatoka kwenye njia yake, linalizunguka. Sekunde ya kumi na moja: sisi tunaondoka. Sekunde ya kumi na nne: picha inaruka, kisha ni vipande vya kioo.

Taa yetu kijani. Lori limesimama. Yeye hakusimama. Hakuna la kuongeza.

Kulikuwa na kasoro moja. Kona ya chini, pamoja na tarehe, kamera ilikuwa imeandika 04:12.

Nilijua mara moja ilikotoka. Kaka ndiye aliyefunga kamera zile. Siku ya kuzifunga ilikuwa saa tatu asubuhi, na kwenye nafasi ya saa akaandika tatu, kama anavyoitamka tangu alipoanza kusema. Mashine haina habari kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Kwa mashine, tatu ni saa tisa usiku. Kwa hiyo saa yetu nne asubuhi kwake ilikuwa nne, yaani saa kumi alfajiri. Miezi minane kamera ilikuwa ikirekodi mchana kweupe na kuuita usiku, na mwenye shule hakuona.

Ningeweza kuibadilisha ile namba. Programu za kufanyia hivyo zipo. Sikuibadilisha. Ushahidi ukiuguza kidonda chake mwenyewe, si ushahidi tena.

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, nilimkuta Sista kwenye benchi la ukumbini nje ya chumba cha kamati. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta hadi juu ya goti, umenyooshwa mbele kama kizuizi. Magongo ameyaegemeza ukutani. Alikuwa amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayeingia zamu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Umeipata?"

"Nimeipata."

"Umeisikiliza?"

"Nimeitazama mara kumi na moja."

"Sikukuuliza hivyo."

Nikafungua mkoba, nikatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Sista akashusha sauti. "Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na tatu. Daktari anakosea, mgonjwa anapona, maisha yanaendelea. Kuna maneno yanasemwa kitandani pa mgonjwa ambayo hayaandikwi kwenye faili. Unanielewa?"

"Na mgonjwa asipopona?"

"Mimi nimepona. Ona, nimekuja kwa miguu mitatu."

"Sista, sitaki kubebwa."

"Nani kakubeba? Mimi mwenyewe nabebwa."

Rudia akatokea kwenye ngazi. Suti ya kijivu, rangi ya gari lake. Alimwamkia Sista shikamoo kwa heshima zote, na Sista akamwitikia marahaba kwa sauti ya kumwitikia mtu aliyekuja kudungwa sindano.

"Na dada yangu Mwalimu Vioo," akaniambia. "Pole kwa yote. Haya mambo yanachosha. Tungeyamaliza kiutu uzima."

"Utu uzima ni kusimama kwenye nyekundu."

Akatabasamu. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyevunja kadi kwa mikono yake.

Chumbani kulikuwa na meza ndefu, wajumbe watatu, na feni iliyozunguka kwa kelele bila kutoa upepo. Mwenyekiti alikuwa mhandisi wa barabara, mzee mwenye miwani mizito, anayeuliza swali moja na kungoja jibu. Nilimpenda kwa hilo. Mimi na Sista tuliketi bega kwa bega, tukiwaelekea. Kaka yangu alikaa kiti cha nyuma kabisa, kwa kuwa mwenye gari lazima awepo. Hakujua nimebeba nini.

Rudia alieleza yake kwa dakika nne. Taa ya kijani ilikuwa yake. Mwanafunzi alikurupuka. Mwalimu hakuwa makini. Bahati mbaya hakuna rekodi.

"Rekodi ipo," nikasema.

Nikaiweka kompyuta mbele ya mwenyekiti, nikabonyeza.

Sekunde kumi na nne ni muda mdogo sana. Lakini ni mrefu kwa mtu anayejiona akilizunguka lori lililosimama. Picha ilipoisha, Rudia hakunitazama mimi wala mwenyekiti. Aligeuka nyuma akamtazama kaka yangu. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, uso umemshuka kama nguo iliyoloa.

Lakini Rudia hakufika alipo kwa ujinga.

"Mwenyekiti, naomba usome saa iliyoandikwa hapo chini."

Mwenyekiti akasogeza miwani. "Nne na dakika kumi na mbili."

"Kwa saa ya mashine. Yaani saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri. Mimi alfajiri hiyo nilikuwa kitandani, na huyu mama, nadhani, naye alikuwa kitandani. Sasa hii ni video ya nini? Imetengenezwa wapi?"

Mjumbe mmoja akacheka. "Jua la alfajiri hilo kali kweli."

"Ndiyo maana nasema imetengenezwa," Rudia akasema. "Mtu akibandika picha na saa visivyolingana, anataka nini?"

Nikasimama. Nilikuwa na maelezo yangu, lakini maelezo yangu yalikuwa ya mtuhumiwa. Yalihitaji kutoka kwa mtu mwingine. Nikageuka.

"Kaka. Nani alitega saa ya kamera hii?"

Feni ikazunguka.

"Kaka, nakuuliza mbele ya kamati. Nani alitega saa, na ilikuwa saa ngapi?"

Wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa kwenye uso wake. Nilimwona akiwahesabu. Rudia naye alimkazia macho, na macho yale yalikuwa yakisema neno lake moja.

Kaka akasimama polepole.

"Nilitega mimi," akasema. "Ilikuwa saa tatu asubuhi, nikaandika tatu. Na ya gari la kwanza iko hivyohivyo. Mtume mtu akaione, iko nje." Akamtazama mwenyekiti. "Hiyo ni kamera yangu, mwenyekiti, na hilo ni gari langu. Na kadi ya uongo niliyompelekea huyu bwana aivunje..."

"Kaka yangu, angalia unachosema," Rudia akadakia.

"...niliipeleka mwenyewe. Sikujua kuwa ni ya uongo. Namshukuru aliyenidanganya."

Akakaa. Nilikuwa nimemkasirikia siku tisa mfululizo, nami sikuwa tayari kuacha. Lakini nitaandika kilichotokea: alisimama, akasema, na alijua bei yake.

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Rudia.

"Una la kusema kuhusu taa?"

Rudia alivua koti, akalitundika kwenye kiti. Alibadilika. Akawa yule mtahini anayeshuka garini na karatasi mkononi.

"Sawa. Tuseme nilipita kwenye nyekundu. Nitajibu kwa hilo. Lakini rudisheni picha. Naonekana tangu sekunde ya ngapi?"

Mwenyekiti akarudisha. "Ya saba."

"Wao wanaondoka?"

"Ya kumi na moja."

"Sekunde nne. Kwa sekunde nne nipo mbele yao, kwenye barabara wazi, mita mia nzima. Ndani ya gari lile kuna watu wawili na macho manne. Mimi nimewapima watu miaka ishirini. Mwanafunzi anayeondoka bila kutazama pembeni namwandikia amefeli, hata taa ikiwa ya kijani kama majani. Mama huyu hakutazama. Kosa tunagawana."

Ilikuwa hoja nzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Kama ningekuwa mwenyekiti, ningeiandika.

Mwenyekiti akamgeukia Sista. "Mama, kabla ya kuondoka, uliliona gari hili?"

Sista akaweka mikono miwili juu ya gongo.

"Sikuliona, mwenyekiti."

"Hukutazama?"

"Nilitazama taa. Mimi mgeni wa kuendesha. Nilisahau kutazama pembeni. Kosa hilo ni langu, niandikie."

Mjumbe mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Rudia akashusha pumzi. Kalamu ya mwenyekiti ikashuka kwenye karatasi.

Hapa nisimame kidogo.

Kwa wiki tano nimewaeleza taa, mistari, sekunde, lori na vyuma sita. Nimewasema kaka, fundi, wifi na polisi. Nimewaeleza kila nilichokiona. Sikuwaeleza nilichokisema.

Kamera ile ina kinasa sauti. Asubuhi ile, kabla ya kuingia chumbani, niliizima sauti ya kompyuta hadi mwisho. Si kwa bahati mbaya. Hata nyumbani, katika mara kumi na moja, nilisikiliza mara moja tu.

Sekunde ya saba, Sista anasema: "Mwalimu, lile la kijivu halisimami."

Sekunde ya nane, nasema mimi: "Kijani ni chako."

Sekunde ya tisa, Sista: "Linakuja, mwalimu."

Sekunde ya kumi, sauti yangu, kavu, ya mtu anayesahihisha daftari: "Barabara ni haki yako. Usiwe mwoga. Nenda."

Akaenda. Aliniamini. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki ya mwalimu, na nilikuwa nikiliona gari lile kwa macho yangu mawili, na sikukanyaga, kwa sababu taa ilikuwa yetu, na sheria ilikuwa yetu, na yule alipaswa kusimama.

Kwa hiyo macho manne yaliona. Mawili yalisema, na mawili yalijifanya hakimu.

Rudia alivunja sheria. Hilo halibadiliki. Lakini aliyevunja mguu wa Sista tulikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa ameketi mbele ya kamati na kompyuta bubu, akimwacha mama wa miaka sitini na moja ajiite mzembe.

Hasira yote niliyoibeba wiki nne, sasa nikaona ilikuwa ikitafuta mlango wa nyumba gani.

"Ngoja," mwenyekiti akasema.

Kalamu yake ilikuwa haijaandika. Alikuwa ameinama karibu na kioo cha kompyuta, akitazama kona ya juu ya picha.

"Mbona picha hii bubu? Hata injini haisikiki."

"Kamera yenyewe haina sauti, mwenyekiti," Sista akasema upesi. "Niliuliza siku ya kwanza. Mimi sipendi kurekodiwa nikipiga kelele."

Wajumbe wakacheka. Hata Rudia akacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Akaweka kidole juu ya kioo, kwenye alama ndogo nyeupe yenye umbo la kipaza sauti.

"Sikukuuliza wewe, mama. Namuuliza mwenye ushahidi." Akavua miwani. "Mwalimu. Kamera hii inarekodi sauti, au hairekodi?"

Nikafumbua mdomo.

Chini ya meza, mguu wa Sista usio na plasta ukaja juu ya mguu wangu, ukakanyaga kwa nguvu zote.